Mchanga mweusi si uchafu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala iliyotoka kwenye ukurasa wenu wa safari Jumapili mbili zilizopita. Mwandishi alikuwa anawashauri wasomaji namna ya kuchagua ufukwe wa kwenda kupumzika. Mengi aliyoyasema yalikuwa ya maana, na mwanzoni nilikuwa namsoma huku nikiitikia kwa kichwa. Kisha akafika kwenye fukwe za mchanga mweusi, akazimaliza kwa sentensi mbili: kwamba zina sura ya uchafu, na kwamba mtu akiziona kwenye picha apite tu. Nikaliweka gazeti chini. Nimekaa na sentensi hizo mbili tangu siku ile na nimeshindwa kuzinyamazia.

Mimi ni fundi mwashi mstaafu. Kwa miaka 34 nimeishi na mchanga: nimeuchekecha, nimeupima kwa debe, nimeukataa ulipoletwa na tope ndani yake, nimegombana na madereva wa malori kwa ajili yake. Mchanga mchafu naujua. Ukiufumbata ukiwa na unyevu kidogo, kisha ukafungua kiganja, unaacha utelezi na rangi ya udongo kwenye mistari ya mkono. Ukiutia kwenye chupa ya maji ukaitikisa na kuiacha itulie, maji yanabaki na ukungu, na juu ya mchanga unatanda utando wa tope. Mafundi tunaupima hivyo, kwa mkono na kwa chupa. Rangi haiulizwi na mtu.

Lakini ufundi siyo ulionifikisha kwenye mchanga mweusi. Nilifikishwa na macho. Miaka mitatu iliyopita niliondolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza, la kushoto miezi michache baadaye. Naona vizuri sasa, namshukuru Mungu, ila mwanga mkali bado unanichoma na machozi yananitoka. Binti yangu wa pili anafanya kazi kisiwani Réunion, kile kisiwa cha Ufaransa kilicho mashariki ya Madagaska. Alituita tukapumzike kwake wiki mbili, mimi na mjukuu wangu wa kike aliyezaliwa mwaka 2006. Mwaka wake wa kuzaliwa nautaja kwa sababu nitauhitaji huko mbele.

Siku ya kwanza binti yangu alitupeleka L'Hermitage, upande wa magharibi wa kisiwa, ambako mchanga ni mweupe na mwamba wa matumbawe unayatuliza maji. Ni pahali pazuri, sitasema uongo. Lakini ilipofika saa nne asubuhi sikuweza kufumbua macho. Mwanga ulikuwa unatoka juu, unatoka baharini, unatoka na chini ya miguu yangu. Miwani ya jua haikutosha, na kofia haina msaada kwa kitu kinachopanda kutoka chini. Watu nao walikuwa wengi, miamvuli imekaribiana, muziki wa huyu unaingia katika mazungumzo ya yule. Nikageuza kiti nikaipa bahari mgongo. Binti yangu alinitazama kwa muda, akasema, "Baba, kesho tunabadilisha."

Kesho yake tukashuka kusini hadi Étang-Salé, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Unapita kwenye msitu wa mivinje, kivuli kizito, sindano zake zimetandikwa chini kama mkeka, kisha miti inakoma na mbele yako ni weusi mtupu. Nilisimama. Weusi wa namna ile nimezoea kuuona pale lami inapomwagwa. Lakini lami haimetimeti. Mchanga ule ulikuwa unameta, chembe moja hapa, kumi pale, na kila nilipohamisha kichwa zilimeta nyingine. Wimbi likirudi linauacha umelowa, laini kama lipu iliyosuguliwa vizuri, na povu linalobaki juu yake ni jeupe kuliko povu lolote nililowahi kuliona.

Nikavua miwani. Nilikaa kuanzia saa tatu hadi karibu saa tano, uso umeelekea baharini, sijafuta chozi hata moja. Sababu yake haina fumbo: mchanga mweupe unaurudisha mwanga, mweusi unaumeza. Bahari yenyewe bado inang'aa, lakini unaweza kuteremsha macho ukayapumzisha kwenye ardhi. Kama kuna msomaji wako mwenye macho kama yangu ambaye kwa miaka mingi ameachwa nyumbani familia ikienda ufukweni, barua hii nimemwandikia yeye kwanza.

Baadaye nikafanya nilichokizoea. Nikaufumbata. Ulikuwa mzito mkononi kuliko mchanga wa kawaida wa ujazo uleule, jambo ambalo mtu aliyebeba ndoo za mchanga maisha yake yote hawezi kulikosea. Nikafungua kiganja, hakuna utelezi. Nikautia kwenye chupa nusu, nikajaza maji, nikatikisa. Ulizama papo hapo na maji yakabaki angavu. Mchanga ule ulikuwa umeoshwa na bahari mpaka basi. Ningeukosoa kwa chumvi tu, maana chumvi inakula nondo na mchanga wa bahari haujengewi, uwe mweusi au mweupe.

Kwenye mfuko wa shati huwa nina sumaku ndogo, ninayo tangu siku za kazi, ya kuokotea misumari. Niliifunga kwa leso nikaipitisha juu ya mchanga mkavu. Ilipoinuka ilikuwa na ndevu. Chembe zilisimama moja juu ya nyingine, nyeusi tititi, zikatetemeka kila nilipoisogeza. Mjukuu wangu alipiga magoti karibu yangu akaanza kunieleza, na kuanzia hapo nilikuwa mwanafunzi wake. Zile zilizoshika sumaku ni madini ya chuma. Nyeusi zisizoshika ni vipande vya jiwe la volkano liitwalo basalti. Na zile za kijani kama vipande vya chupa, ambazo nilidhani kweli ni chupa, ni madini yaitwayo olivini. Yote yametoka ndani ya ardhi yakiwa moto, yakaganda kuwa mlima, mlima ukamegwa na mvua, mito ikaushusha hadi pwani. Réunion yote ni milima ya namna hiyo iliyoinuka kutoka chini ya bahari. Mrefu zaidi, Piton des Neiges, una mita 3,070.

Sasa, Ndugu Mhariri, kama tunazungumzia uchafu, tuuzungumze mpaka mwisho. Ule mchanga mweupe wa fukwe za matumbawe, ambao mwandishi wako ameusifu kwa aya nzima, sehemu yake kubwa ni vipande vya matumbawe, magamba na mifupa ya viumbe vya baharini. Na sehemu nyingine imepita tumboni mwa samaki. Pono ana meno kama mdomo wa kasuku. Anatafuna matumbawe apate chakula chake, na mawe anayoyasaga anayatoa nyuma yakiwa mchanga mweupe safi. Sisemi hivyo kuudharau. Ni kazi ya ajabu aliyopewa samaki yule, na mchanga wake ni msafi kama ulivyo huu mwingine. Nasema tu kwamba asili ya mchanga haijulikani kwa kuutazama rangi, na anayeita jiwe la moto uchafu kwa kuwa ni jeusi hajaliuliza limetoka wapi.

Nije kwenye utulivu, maana makala yenu ilikuwa inahusu utulivu.

Tulirudi Étang-Salé siku tisa. Siku za katikati ya wiki, asubuhi, niliweza kuhesabu watu kwa vidole na vidole vikabaki. Kulikuwa na mzee mmoja aliyepita kila siku na mbwa wake, kwa mbali, tukainuliana mikono bila kuwahi kusemezana. Mengine yote yalikuwa wimbi na mivinje. Upepo ukipita kwenye mvinje hautoi sauti ya majani yanayopigana. Unatoa mvumo mmoja mrefu, kama mtu anayevuta pumzi bila kuitoa. Masikio yangu yamezeeka kwenye mashine za kuchanganyia zege. Kwa miaka nimekuwa nikisikia mlio ndani ya kichwa hata chumba kikiwa kimya, na siku ya nne au ya tano, nimelala chali kwenye kivuli, niligundua kwamba ule mvumo umeufunika. Sikusema kitu. Niliogopa nikisema utarudi.

Utulivu ule una sababu, na kwa maoni yangu sababu kubwa ni kurasa kama ule wenu. Kalenda, kadi za posta na mabango ya mashirika ya ndege yametufundisha tangu utotoni kwamba ufukwe ni mweupe na maji ni ya buluu, na anayetafuta likizo anatafuta picha aliyokwisha kuiona. Hivyo watu elfu wanabanana penye picha, na mwendo mfupi tu kutoka hapo pamebaki wazi. Nisije nikawadanganya wasomaji: siyo kila mchanga mweusi ni mtulivu. Perissa na Kamari, kule Santorini nchini Ugiriki, ni nyeusi na majira ya joto zinajaa watu. Reynisfjara ya Iceland inafikiwa na mabasi ya watalii. Hata Étang-Salé Jumapili ni ya familia na watoto, na ni haki yao. Anayetaka ukimya aende siku ya kazi, aende mapema, na achague kipindi ambacho shule hazijafungwa. Akitaka kwingine barani mwetu, Limbe nchini Kameruni ina mchanga mweusi chini ya Mlima Kameruni, na kisiwa cha Fogo huko Cape Verde ni volkano iliyozungukwa na bahari.

Mwandishi wako angekuwa na sababu nzuri zaidi za kuwaonya watu kuliko rangi, na hapa ndipo nilipoumia kwamba hakuzitaja hata moja.

Ya kwanza nimeilipia kwa nyayo zangu. Siku ya tatu, kwenye saa saba mchana, niliacha viatu chini ya mvinje nikateremka kulowesha miguu. Kwenda nilikuwa nafuata alama za maji, sikuona shida. Kurudi nikakata moja kwa moja juu ya mchanga mkavu. Hatua ya tano nilijua nimekosea, ya kumi nilikuwa nakimbia, mimi wa umri huu, na hapakuwa na pa kusimama. Nililala usiku ule miguu ndani ya beseni la maji, na malengelenge mawili yalinikalia kwa wiki. Kila aliyewahi kupaka bati rangi nyeusi anajua rangi hiyo inavyolinywa jua. Mimi nimepaka mabati hayo, nikasahau. Ukichimba kina cha kiganja kimoja unakuta ubaridi, lakini ule wa juu unaunguza kweli. Viatu vivaliwe muda wote, na mtoto mdogo asiachwe kutambaa humo mchana. Atandikiwe pale penye maji, ambapo mchanga haupati moto.

Ya pili ni bahari yenyewe, na hii ni ya uhai na kifo. Pwani nyingi za volkano hazina mwamba mpana wa matumbawe wa kuvunja mawimbi, na sakafu yake inashuka ghafla. Hatua tatu upo magotini, ya nne huoni chini. Réunion kuna na papa: baada ya watu kadhaa kuuawa, mamlaka zilikataza mwaka 2013 kuogelea nje ya maji yaliyokingwa na mwamba na maeneo yenye walinzi. Sisi tuliingia pale penye bendera na walinzi tu, tukatoka walipoondoka. Karibu na Étang-Salé kuna ufa katika mwamba wa basalti uitwao Gouffre, ambamo bahari inaingia kwa ngurumo na kuruka juu kama maji ya bomba lililopasuka. Nilisimama mbali, nikausikia unavyotikisa jiwe chini ya viatu vyangu, nikaelewa mchanga ule unasagwa na nguvu gani.

Reynisfjara ndiyo inayonitisha zaidi kati ya nilizosoma habari zake. Mawimbi ya Atlantiki yanafika pale bila kisiwa wala mwamba wa kuyapunguza, na baada ya mawimbi madogo kadhaa linakuja moja linalopanda mbali kuliko yote, kimya, likamvuta mtu aliyesimama akipiga picha mahali pakavu. Watu wamekufa hivyo, zaidi ya mara moja, na mwaka 2022 zikawekwa taa za tahadhari kama zile za barabarani. Hakuna anayekwenda kule kuogelea, na bado wanakufa. Nchini New Zealand, Piha na jirani zake Karekare na Muriwai, ambako mchanga mweusi wa chuma umebebwa na mikondo kutoka volkano ya Taranaki iliyo kusini, kuna mikondo inayomvuta mwogeleaji kuelekea kilindini. Chama cha waokoaji cha Piha kipo tangu mwaka 1934, na bado kina kazi. Ukurasa wa safari unaomwambia mtu rangi ya mchanga lakini usimwambie habari ya wimbi haujamtendea haki. Mtu huyo anaweza kuwa anakwenda na watoto.

Nilisema nitauhitaji mwaka wa mjukuu wangu. Wiki ya pili binti yangu alichukua likizo ya siku moja akatuzungusha hadi upande wa kusini-mashariki, chini ya ile volkano nyingine, Piton de la Fournaise, ambayo iko hai. Mwezi Aprili 2007 ililipuka kwa nguvu kubwa. Lava ilishuka hadi baharini karibu na Tremblet, ikaikata barabara kuu ya pwani, na kileleni shimo la mlima likadidimia zaidi ya mita 300. Pale lava ilipokutana na maji ilipasuka vipande, kama kioo cha taa ya chemli kinachorushiwa maji kikiwa moto, na vipande hivyo bahari ikavisaga na kuvirundika kando. Hivyo ndivyo ulivyopatikana ufukwe wa Tremblet.

Tuliushukia kwa miguu. Mchanga wake una olivini nyingi, kwa hiyo ukiuinamia unauona mweusi wenye kijani ndani. Mawimbi yalikuwa makali, hatukugusa maji. Mjukuu wangu alikaa chini akahesabu kwa vidole, kisha akasema polepole, "Babu, huu ufukwe ni mdogo kwangu." Alimaanisha kwa umri. Tulikuwa tumekaa juu ya kipande cha dunia ambacho mtoto huyu alikuwapo kabla yake. Nimemwaga misingi ya majengo mengi yaliyo makubwa kiumri kuliko pale. Sijui niwaelezeje wasomaji wako hali iliyonipata. Nilishika mawe yale kwa mikono miwili kama mtu anayemshika mtoto mchanga.

Na haudumu. Lava imekoma kushuka pale, hakuna mchanga mpya unaoongezwa, na bahari inaendelea kuuchukua. Hawaii wanalijua jambo hili kuliko wote. Mwaka 1990 lava ya volkano ya Kilauea iliufukia ufukwe mweusi wa Kaimū pamoja na nyumba za Kalapana. Ulipoanza kuota mchanga mpya mbele zaidi, wenyeji wakaupanda minazi. Mwaka 2018 mlima uleule ukawaletea mchanga mwingine Pohoiki, mwingi hadi ukaziba mahali pa kushushia mashua. Anayepewa nafasi ya kukaa kwenye ufukwe wa namna hiyo amepewa kitu ambacho mjukuu wake huenda asikikute.

Kuna kisa kimoja nilichokisoma baada ya kurudi, na kama fundi kiliniuma. Katika kisiwa cha Tenerife, ambacho nacho ni cha volkano, kulikuwa na ufukwe wa mchanga mweusi na mawe karibu na mji wa Santa Cruz. Mapema miaka ya 1970 wakaufunika kwa mchanga wa manjano ulioletwa kwa meli kutoka Sahara, wakajenga na ukuta baharini ili mawimbi yasiuchukue. Unaitwa Las Teresitas na watu wanaupenda. Siwalaumu wanaoogelea pale, na maji yake sasa ni salama zaidi kuliko yalivyokuwa. Lakini nafikiria zile meli. Nafikiria gharama ya kuleta mchanga kisiwani ambako mchanga upo, kwa sababu tu rangi yake haikufanana na ya kwenye kalenda. Upande mwingine wa kisiwa hichohicho, mji wa Puerto de la Cruz ulimwita msanii César Manrique awachoree ufukwe, ukamalizika mapema miaka ya 1990, naye akauacha mchanga mweusi ubaki mweusi, akauzungushia bustani na kuta za mawe ya volkano. Picha zake nimezitazama kwa jicho la mwashi. Mawe yamepangwa na mtu anayeyaheshimu.

Kuna kosa langu ambalo lazima niliseme. Siku ya mwisho Étang-Salé nilijaza mchanga kwenye kopo dogo la dawa ili nije nalo nyumbani. Mjukuu aliniona. Hakunikemea, aliniuliza tu, "Babu, kila aliyepita hapa akichukua kopo?" Kisha akaniambia kwamba Hawaii kuchukua mchanga ni marufuku kisheria, na kwamba hifadhi ya taifa ya volkano kule inapokea vifurushi vya mawe yanayorudishwa kwa posta, na barua za kuomba radhi ndani yake. Nilirudi nikaumwaga karibu na maji. Zile chembe zilizobaki kwenye sumaku nilizipangusa kwa leso, nazo nikaziacha palepale. Kwa mtu aliyeagiza mchanga kwa malori, kurudisha kopo moja kulinitia aibu na kunifundisha.

Tena mchanga huo una wenyewe. Tortuguero, kule Costa Rica, ni ufukwe mweusi, na kasa wa kijani wanapanda kutaga kwa maelfu. Jinsia ya kasa inaamuliwa na joto la shimo la mayai. Likizidi, wanaoanguliwa wanakuwa majike karibu wote, na mchanga mweusi ni wa joto kwa asili yake. Kwa hiyo mahali kama pale hata kivuli kinachokatwa kina maana. Punaluʻu ya Hawaii kasa wanapanda mchana kuota jua juu ya mchanga mweusi, na mgeni anatakiwa akae mbali nao. Msomaji atakayebahatika kuwakuta asiwaguse, asiwazibie njia ya kurudi majini, na usiku asiwamulike kwa tochi.

Ombi langu ni dogo, Ndugu Mhariri. Naomba ukurasa wenu wa safari urudie suala hili, na safari hii mwandishi aeleze mchanga mweusi unatokana na nini, awaambie watu wavae viatu, waulize walinzi kabla ya kuingia majini, wasimgeuzie wimbi mgongo. Na lile neno uchafu liondolewe. Mwandishi wako akipenda, nitamwonyesha jinsi ya kuupima mchanga kwa chupa. Aje na wowote anaoutilia shaka. Sisi tunarudi Étang-Salé mwakani, binti yangu akijaliwa kupata likizo, na nimekwisha kununua viatu vya mpira vyenye soli nene.

Wako katika kusoma,
Fundi mwashi mstaafu